Kabla ya Kuflashi Simu, Jua Unachokifuta

Maelezo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Ukipita sokoni Kasulu au karibu na stendi ya Kibondo, hutakosa kumwona kijana ameketi nyuma ya kimeza, mbele yake kompyuta mpakato, waya mfupi, na simu tatu au nne zilizovuliwa vifuniko. Huyo ni fundi simu. Zamani kidogo, mahali kama hapo aliketi fundi redio. Katika miaka ya 1990, wakimbizi wa Burundi walipomiminika katika nyanda hizi baada ya Oktoba 1993, na wale wa Kongo walipofuata mwaka 1996, redio ndiyo iliyokuwa roho ya habari, na aliyejua kuifufua aliheshimiwa.

Lakini kazi hizi mbili zinatofautiana kwa jambo moja kubwa. Fundi redio aliuona ugonjwa kwa macho yake: waya umekatika, kipande kimeungua, spika imechanika. Alichomea kwa risasi, redio ikasema. Simu ya leo yaweza kuwa na betri nzima, kioo kizima na kila kipande kizima, na bado isiwake. Au ikawaka, ikaonyesha nembo ya kampuni, ikazima, ikawaka tena, usiku kucha. Hapo kilichoharibika hakishikiki kwa mkono. Ni maandishi yaliyomo ndani yake.

Kuyafuta maandishi hayo na kuyaandika upya ndiko vijana wetu wanakoita kuflashi. Ni kazi inayoweza kumlisha mtu, na wengi wanajifunza kwa kutazama wenzao na kubonyeza wanapoona wamebonyeza. Lakini maneno yake yanachanganya hata wenye uzoefu. Maswali tunayoletewa ni yale yale. RAM ni nini na ROM ni nini? Kwa nini simu iliyouzwa kuwa ya gigabaiti 64 inaonyesha pungufu? Na kwa nini simu iliyoflashiwa vizuri, inayowaka vizuri, haishiki mtandao wowote? Leo tuyajibu moja baada ya jingine, maana asiyejua maana ya neno hawezi kujua anachokifuta.

SANTURI, KASETI NA MATANGAZO YA MOJA KWA MOJA

Tuanze na kumbukumbu. Simu ina kumbukumbu za namna tatu, na mtu yeyote aliyekulia na redio atazielewa bila taabu.

Ya kwanza ni kama santuri. Santuri ikishatoka kiwandani, wimbo uliomo ndio huo huo hadi inavunjika. Unaweza kuupiga, huwezi kuubadili. Hiyo ndiyo ROM kwa maana yake ya asili, yaani kumbukumbu ya kusomwa tu. Ndani ya chipu kuu ya simu kuna santuri ndogo ya namna hiyo, yenye maelekezo machache ambayo hayafutwi na fundi yeyote.

Ya pili ni kama kaseti. Unarekodi, unafuta, unarekodi tena. Ukizima umeme, kilichorekodiwa kinabaki. Hiyo ndiyo kumbukumbu inayoitwa flashi, na humo ndimo zinamokaa picha zako, nyimbo zako, na hata mfumo wenyewe unaoiendesha simu. Ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, aliyeitangaza kwa wataalamu mwaka 1984. Jina lilitolewa na mwenzake kazini, Shoji Ariizumi, kwa sababu namna kumbukumbu hiyo inavyofutwa eneo zima kwa mkupuo ilimkumbusha mmweko wa taa ya kamera. Kwa hiyo kijana wa Kasulu anaposema "naiflashi", anatumia, bila kujua, neno lililozaliwa katika maabara ya Japani zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Na kama kaseti, flashi huchakaa. Haiwezi kufuta herufi moja peke yake. Hufuta fungu zima, kisha huandika upya, na kila fungu lina idadi ya kufutwa linayoweza kuistahimili. Hiyo ni sababu mojawapo ya simu iliyotumika miaka mingi kuanza kuwa nzito, na kadi ya kumbukumbu huweza kugoma ghafla, ikakubali kusomwa na kukataa kuandikwa.

Ya tatu ni kama matangazo ya moja kwa moja. Mtangazaji akisema hewani na hakuna anayerekodi, maneno yamekwenda na upepo. Hiyo ndiyo RAM. Ni mahali pa kazi za sasa hivi: ujumbe unaouandika, ukurasa unaousoma, namba unayoipiga. Betri ikitoka, vyote vilivyokuwamo vimepotea. Aina inayotumika katika simu ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM ya Marekani, aliyepata hati ya ubunifu huo mwaka 1968. Kila chembe yake hushika chaji ndogo inayovuja, kwa hiyo simu hulazimika kuijaza upya mara nyingi katika kila sekunde moja.

Ukipenda mfano wa shambani, flashi ni ghala na RAM ni uwanja wa kuanikia. Maharage ya mwaka mzima hayakai uwanjani, yanakaa ghalani. Lakini kazi yote ya kuanika, kupepeta na kuchambua hufanyika uwanjani. Mwenye ghala kubwa na uwanja mdogo atafanya kazi kwa foleni. Ndiyo simu yenye nafasi tele ya picha lakini ukifungua mambo matatu kwa pamoja inaganda.

ROM YA DUKANI NA ROM YA FUNDI

Sasa hapa ndipo pana mkorogo. Nenda dukani, utasoma kwenye boksi: RAM 4, ROM 64. Hiyo ROM ya dukani si santuri hata kidogo. Wenye duka wanamaanisha ghala, yaani flashi, ambayo inafutika na kuandikwa kila siku. Jina limepotoka, lakini biashara imelizoea na hakuna wa kulirudisha.

Kisha nenda kwa fundi, utamsikia akisema, "Natafuta ROM ya simu hii." Yeye hamaanishi ghala wala santuri. Anamaanisha faili lenye mfumo mzima wa simu, atakaloliandika ndani ya flashi. Na wale wanaopenda kubadili simu zao wana "ROM" zilizotengenezwa na watu binafsi badala ya kiwanda. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa mfumo wa Android, uliotoka na simu ya kwanza sokoni mwaka 2008, sehemu kubwa ya maandishi yake yako wazi kwa yeyote. Mfumo mashuhuri wa namna hiyo uliitwa CyanogenMod. Ulipofungwa mwishoni mwa mwaka 2016, waliokuwa wakiutunza waliuendeleza kwa jina la LineageOS.

Kwa hiyo neno ni moja na maana ni tatu: santuri isiyofutika, ghala la dukani, na faili la mfumo. Kijana anayeanza, kila akisikia ROM aulize kwanza ni ipi.

GIGABAITI ZINAKWENDA WAPI

Baiti moja ni biti nane, na inatosha kuhifadhi herufi moja ya Kiswahili. Ujumbe mfupi wa simu, ule wa herufi 160, unachukua baiti 140, kwa sababu kila herufi yake imebanwa katika biti saba. Gigabaiti moja ni baiti bilioni moja, yaani jumbe kamili zipatazo milioni saba. Lakini picha moja ya megabaiti 3 inakula nafasi ya jumbe zaidi ya 21,000. Ndiyo maana asiyepiga picha hasikii shida ya nafasi, na anayerekodi video za harusi hulia kila mwezi.

Mbona basi simu ya gigabaiti 64 inaonyesha pungufu? Sababu ni mbili. Kwanza, kiwanda huhesabu kilo kuwa 1,000, lakini programu nyingi za kompyuta huhesabu kilo kuwa 1,024. Simu ya gigabaiti 32 za kiwandani, ikihesabiwa kwa njia ya pili, ni 29.8 tu. Hakuna aliyeiba. Pili, mfumo wenyewe unakaa ndani ya ghala hilo hilo na umekwisha kujitwalia sehemu yake kabla hujanunua.

Lipo jambo jingine ambalo mnunuzi wa mjini hana budi kulijua. Siku hizi boksi huandikwa "RAM 8" kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi ndogo "4+4". Maana yake ni kwamba simu ina RAM ya gigabaiti 4 tu. Nne nyingine zimeazimwa kutoka ghalani. Ni sawa na mtu aliyejaza uwanja wa kuanikia, akaanza kuweka magunia ya akiba mlangoni mwa ghala. Inasaidia kidogo, lakini ghala halina kasi ya uwanja, tena huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Hiyo si simu ya RAM 8, na bei yake isiwe ya RAM 8.

Baya zaidi ni kadi za kumbukumbu za uongo. Kadi ina gigabaiti 4, lakini chipu yake ndogo imeandikwa upya ili idai kuwa ina 64. Simu inaamini. Utahifadhi picha siku ya kwanza na ya pili bila shida. Zikishapita 4, kadi hupoteza picha mpya au huandika juu ya zile za zamani, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana kana kwamba yote yapo. Dawa ni kuijaribu kwa kompyuta kabla ya kulipa: ijaze yote, kisha ufungue mafaili moja moja.

MAANDISHI YANAYOIAMSHA SIMU

Sasa tufike kwenye famuwea. Neno hili lilitungwa mwaka 1967 na mtaalamu wa kompyuta Ascher Opler, akitafuta jina la kitu kilichoko katikati ya chombo chenyewe na programu zinazowekwa na kutolewa. Kwa lugha nyepesi, famuwea ni maelekezo yanayoletwa na chombo kutoka kiwandani, ambayo bila hayo chombo hakijui kwamba ni chombo. Hata kitochi kina famuwea. Hata kadi ya kumbukumbu tuliyoitaja inayo, ndiyo maana iliweza kufundishwa kusema uongo.

Simu inapowashwa, kazi hupokezanwa kama alfajiri katika kituo cha redio. Wa kwanza ni mlinzi wa lango. Hiyo ni ile santuri ndogo ndani ya chipu. Haijui kutangaza, inajua kufungua lango tu. Inamwita fundi mitambo, yaani programu ya kuamshia, ambayo mafundi huiita butiloda. Huyu huwasha mitambo na kukagua kama anayeingia studio anaruhusiwa. Kisha huja kiini cha mfumo, ambacho katika Android ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini ndicho kinachozungumza na kioo, kamera na spika. Mwisho huja mfumo unaouona: picha za programu, saa, sauti ya kukaribishwa.

Simu inayokwama kwenye nembo ina maana kwamba mlinzi na fundi mitambo wamefika, ila aliye nyuma yao hajafika. Mara nyingi hiyo hutibika. Simu isiyoonyesha chochote huenda haina fundi mitambo kabisa, ama kwa sababu amefutwa, ama ameandikwa wa simu nyingine. Lakini kwa kuwa santuri haifutiki, mlinzi bado yupo langoni, na kwa simu nyingi fundi anaweza kupitia kwake kwa waya wa USB na kurudisha kilichopotea. Simu za miaka ya karibuni zimeongeza kufuli hapo, na bila kibali cha kiwanda mlinzi hamfungulii mtu.

MAFUNGU MATATU YA VITU

Hapa ndipo pana kiini cha maelezo ya leo, nami nawaomba vijana wasikilize kwa makini.

Ghala la simu limegawanywa vyumba. Kila chumba kina jina na mahali pake pa kuanzia. Kwa simu zenye chipu za kampuni ya MediaTek ya Taiwan, ambazo ni nyingi sana miongoni mwa simu za bei nafuu, faili la mfumo huja na karatasi ya ramani inayoorodhesha vyumba hivyo. Kijana asiyesoma ramani hiyo ni kama mchukuzi anayebomoa ukuta bila kuuliza nyuma yake kuna nini.

Vitu vilivyomo katika vyumba hivyo ni vya mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyofanana kwa simu zote za toleo hilo: programu ya kuamshia, kiini, mfumo. Ukivifuta hujaua mtu. Vipo vingine kama hivyo, unavitafuta na kuvirudisha.

Fungu la pili ni mali ya mwenye simu: picha, majina, jumbe, sauti zilizorekodiwa. Hivi havipo pengine popote isipokuwa kama mwenyewe alihifadhi nakala. Na fundi asidanganywe na hadithi za zamani kwamba kilichofutwa hurudishwa. Simu zinazotoka na Android 10 ya mwaka 2019 na matoleo yaliyofuata ni lazima zifunge mali hizo kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo ukifutwa hakuna fundi, wa Kasulu wala wa Tokyo, atakayezisoma tena.

Fungu la tatu ndilo linalosahauliwa. Ni vitu vya simu hii peke yake, vilivyoandikwa kiwandani mara moja: namba yake tambulishi, na vipimo vya redio yake. Ndiyo, ndani ya kila simu mna redio, na kila redio hupimwa kiwandani ili ishike mawimbi sawasawa. Vipimo vya simu yako si vya simu ya jirani, hata kama mlinunua pamoja. Katika simu za MediaTek chumba hicho huitwa NVRAM, na katika Samsung huitwa EFS. Kikifutwa, simu inawaka, inapiga picha, inacheza muziki, lakini haishiki mtandao wowote. Hilo ndilo jibu la swali la tatu tuliloanza nalo.

Chumba hicho hufutwaje? Kwa kubonyeza kitufe kimoja. Programu inayotumika sana kuflashi simu za MediaTek inampa fundi njia tatu. Ya kwanza, "Download Only", huandika vyumba ulivyochagua tu na kuviacha vingine. Ya pili, "Firmware Upgrade", huandika mfumo mzima upya huku ikijaribu kuvihifadhi vyumba vya fungu la tatu. Ya tatu, "Format All + Download", hufagia ghala lote, pembe hadi pembe, kisha huandika. Anayeanza huvutiwa na hii ya tatu kwa sababu inaonekana kuwa tiba kamili. Kumbe ndiyo inayoifuta namba tambulishi pamoja na vipimo vya redio, na kama hakuchukua nakala kabla, amekwisha.

NAMBA TAMBULISHI SI MCHEZO

Bonyeza *#06# katika simu yoyote, utaona tarakimu 15. Nane za kwanza zinataja aina ya simu, sita zinazofuata ni za simu hiyo moja, na ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba zilizotangulia hazikukosewa. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili.

Tanzania imekwisha kuonyesha kwamba haichezi na namba hizi. Desemba 2015 ilizinduliwa rajisi ya taifa ya namba tambulishi, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchi nzima. Kabla ya siku hiyo wananchi walitakiwa kutuma namba zao kwenda 15090 ili wajue kama simu zao ni halali. Waliopuuza waliamka na kifaa cha kusikilizia muziki.

Baada ya kufuta namba ya mteja, kishawishi cha fundi ni kuandika namba yoyote ili simu ishike mtandao. Asithubutu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kubadili utambulisho wa simu, na adhabu yake ni faini kubwa au kifungo. Sababu inaeleweka: mwizi wa simu ndiye wa kwanza kutaka namba ibadilishwe. Kijana aliyekosea kwa kutojua na mshirika wa mwizi wanaonekana sawa mbele ya askari anayeshika simu yenye namba isiyo yake. Namba halisi mara nyingi imeandikwa kwenye boksi na kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya betri. Mteja aitunze, na fundi aiandike daftarini kabla hajagusa simu.

Jambo la jirani na hilo ni kufuli ya akaunti. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu inayofutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti yake, inapowaka upya huuliza akaunti ile ya kwanza. Mtu akikuletea simu ya namna hiyo na hajui akaunti wala hana risiti, usijivunie ujuzi wa kuipita kufuli. Muulize ameipata wapi.

FAILI ULILOSHUSHA LIMETOKA WAPI

Wengi hushusha faili la mfumo mahali popote wanapolipata bure. Kumbukeni kwamba mfumo ndiye mwenye nyumba. Anasoma kila ujumbe unaoingia, ukiwamo ule wa salio na wa namba za siri za muda. Aliyepenyeza programu mbaya ndani ya mfumo amekaa mahali ambapo hata kuifuta simu kwa njia ya kawaida hakumtoi.

Si hofu ya kubuni. Mwaka 2019 kampuni ya Google ilithibitisha kwamba programu haramu iitwayo Triada ilikuwa imepandikizwa ndani ya mifumo ya baadhi ya simu kabla hazijafika madukani, kupitia watu wa kati waliopewa kazi za kutengeneza sehemu za mfumo. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream iliripoti programu hiyo hiyo katika simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Ethiopia na Ghana, ambapo ilijaribu kuwaunganisha watu na huduma za kulipia bila ridhaa yao. Wenye kampuni walisema ililetwa na mmoja wa wahusika katika mnyororo wa ugavi, na kwamba walikwisha kutoa tiba. Ikiwa mnyororo wa kiwanda umeweza kupenyezwa, itakuwaje kwa faili lisilo na mwenyewe? Fikiri simu hiyo ni ya wakala wa fedha pale Kibondo mjini, ambaye mtaji wake wote unapita humo.

KWA ANAYEANZA

Basi kijana anayetaka kuingia kazi hii aanze hivi. Ajifunze kwa simu yake iliyochakaa, si kwa simu ya mteja. Asome toleo kamili la simu na la ubao wake, maana simu mbili zenye jina moja dukani huweza kuwa na vioo vya viwanda viwili, na mfumo wa moja ukaifanya ya pili iwe giza. Achukue nakala ya vyumba vya fungu la tatu kabla ya jambo lolote, na aihifadhi nje ya simu. Amuulize mteja, kwa maneno yanayoeleweka, kama picha zake zina nakala. Achague njia inayogusa vyumba vichache kuliko zote.

Na ahakikishe umeme. Kasulu na Kibondo ziliishi miaka mingi kwa mashine za dizeli hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Hata hivyo umeme wa gridi nao hukatika, tena mvua zikianza. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, chumba kimefutwa na kilichokuwa kije hakijafika. Kompyuta iwe na betri yenye kudumu, simu iwe na chaji ya zaidi ya nusu, na waya usiwe wa kushikilia kwa kidole.

Kwa mteja nina neno moja. Usimkabidhi fundi simu ukamwambia "itengeneze tu". Muulize: utafuta nini, na kitabaki nini? Fundi anayejua kazi atakujibu kwa sentensi mbili. Asiyejua atakasirika, na hasira hiyo ni jibu pia.

Tusichukulie jambo hili kuwa la vijana wa mjini wanaopenda kuchezea vioo. Mama anayeuza maharage Kasulu ameandika wadeni wake ndani ya simu. Mkimbizi wa Nyarugusu ana humo sura za ndugu ambao hajawaona tangu alipovuka ziwa. Simu yenyewe itanunuliwa nyingine. Orodha ya wadeni na sura za ndugu hazina duka, na zinaweza kwenda kwa kitufe kimoja kilichobonyezwa na mtu asiyejua tofauti ya santuri, kaseti na matangazo ya moja kwa moja.